Utandu wa maziwa umepotea? Usikimbilie kumnyima mtoto

Februari ni mwezi mgumu Pangani. Kaskazi inapuliza, jua linachoma, majani ya kandokando ya barabara yamegeuka rangi ya mkeka mkuukuu, na masika bado yako mbali. Ndiyo miezi ambayo mfugaji hutembea mbali na mundu wake na kurudi na mzigo mdogo.

Katika mwezi kama huo nililetewa mtoto wa miezi 16 kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Bweni. Mama yake alivuka na kivuko cha asubuhi, kadi ya kliniki ameifunga kwenye pindo la khanga. Mtoto hakuwa na homa wala hakuharisha, na alikuwa akivuta stethoskopu yangu kwa nguvu zote. Ila mstari wa uzito wake kwenye kadi ulikuwa umelala kwa miezi miwili. Haukushuka, haukupanda. Mtoto wa umri ule, uzito ukisimama miezi miwili, daktari hatakiwi kutabasamu na kumwambia mama arudi mwezi ujao.

"Anakula nini, mdogo wangu?"

"Uji, dokta. Asubuhi chai ya rangi na kitumbua. Mchana wali akiupenda."

"Na maziwa?"

Akasita. "Nimeyaacha. Nilikuwa nachukua nusu lita kila siku kwa jirani. Kwanza utandu ukapotea. Nachemsha, nasubiri yapoe, juu hamna kitu. Nikajua wameanza kutia maji. Halafu dada yangu wa Dar akanitumia sauti kwenye simu, inasema ng'ombe wa siku hizi wanalishwa vitu vinavyobadilisha jeni, na mtoto akinywa yale maziwa na yeye anabadilika. Nikaogopa."

Msomaji wangu, nimeamua kulileta jambo hili kwenye safu hii kwa sababu ile sauti ya kwenye simu ilikuwa na punje moja ya ukweli. Chakula cha ng'ombe, hasa mafuta yaliyomo ndani yake, kweli hugusa utendaji wa jeni za ng'ombe, na kweli maziwa hubadilika. Mengine yote yaliyosemwa ni uongo. Lakini uongo wenye punje ya ukweli ndio unaotutesa madaktari kuliko uongo mtupu, maana mtu akiuchunguza kidogo anakuta kitu, basi anaumeza wote. Na aliyelipa gharama hapa ni mtoto ambaye hata simu hana.

Ng'ombe anayeletewa chakula

Tanga ni mkoa wa maziwa. Tangu miaka ya 1980, mradi wa wafugaji wadogo uliosaidiwa na Uholanzi ulisambaza mitamba chotara kwa familia nyingi, kila moja ikianza na ng'ombe mmoja au wawili wa bandani. Vikazaliwa vyama vya ushirika vya wafugaji na umoja wao, TDCU, kisha katikati ya miaka ya 1990 kiwanda cha Tanga Fresh. Leo mtoto wa huku akililia maziwa, kuna uwezekano mkubwa yakatoka kwa ng'ombe ambaye jina lake linajulikana na mtaa mzima.

Kumfungia ng'ombe bandani kuna sababu yake kwetu, nayo ni mbung'o. Ranchi ya Mkwaja, kusini mwa wilaya yetu, ilipambana na ugonjwa wa nagana kwa karibu miaka 50 kabla ya kufungwa mwaka 2000, na eneo lake leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ng'ombe wa bandani anaepuka mengi ya porini, lakini hachagui chakula. Anakula anacholetewa, na anacholetewa hutegemea mfuko wa mwenyewe na mvua.

Hapo ndipo mashudu yanapoingia. Katika miaka ya karibuni Serikali imehimiza sana kilimo cha alizeti, ikianza na mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu, ili tupunguze kuagiza mafuta ya kula kutoka nje. Ni sera nzuri. Alizeti ikikamuliwa hubaki mashudu, na mashudu hayo husafiri kwa viroba mpaka kwenye mabanda ya mikoa mingine. Jambo moja halisemwi sana: mashine ndogo za kukamulia huacha mafuta mengi kwenye mashudu kuliko viwanda vikubwa vinavyoyatoa kwa kemikali. Kamua nazi kwa mkono halafu onja chicha; utamu uliobaki ndio mafuta uliyoshindwa kuyatoa. Mashudu ya mashine ndogo ni hivyohivyo.

Mfugaji akiyapata kwa bei nzuri, na majani hakuna, atafanya nini? Ataongeza mashudu na kupunguza majani. Nami ningefanya hivyo.

Swichi zilizo kwenye kiwele

Ili tuelewane, niseme kidogo kuhusu jeni. Kila seli ya ng'ombe, iwe ya ngozi, ya ini au ya kiwele, imebeba vinasaba vilevile alivyopewa na mama na baba yake. Jeni ni kipande cha vinasaba chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini. Seli haisomi maelekezo yote kwa pamoja. Seli za kiwele husoma zaidi yale ya kutengeneza sukari, protini na mafuta ya maziwa; seli za jicho zina kazi zake nyingine.

Fikiria nyumba yenye taa nyingi. Ukiwasha ya sebuleni na kuzima ya jikoni, ramani ya nyumba haijaguswa na ukuta haujabomolewa. Wanasayansi wanaposema kwamba chakula kinaathiri utendaji wa jeni, wanazungumzia swichi. Kubadilisha jeni zenyewe ni kubomoa ukuta na kujenga upya, na hilo mashudu hayawezi.

Wewe mwenyewe swichi hizo unazo. Ukifunga mchana wa Ramadhani, ini lako hupunguza kusoma jeni za kutengeneza mafuta na kuongeza zile za kuyachoma. Ukifika wakati wa futari, ukala tambi na muhogo wa nazi, mambo hugeuka. Kila mwaka unafunga siku 29 au 30 na bado wewe ni mtoto wa mama yako.

Turudi kwa ng'ombe. Mafuta ya maziwa yake hutoka pande mbili. Karibu nusu kiwele hujitengenezea chenyewe. Majani anayokula na kucheua huchachushwa na bakteria kwenye tumbo la kwanza, pipa ambalo kwa ng'ombe mkubwa hubeba zaidi ya lita 100. Zao kubwa la uchachushaji huo ni asidi ileile inayoipa siki ukali wake. Damu huipeleka kwenye kiwele, na kiwele huunganisha vipande vyake kimoja baada ya kingine, kama shanga kwenye uzi, mpaka yawe mafuta. Kwa hiyo utandu unaoupenda juu ya chai yako, sehemu yake kubwa ilianza kama majani. Nusu nyingine ya mafuta huja tayari kwenye damu, kutoka kwenye chakula na kwenye akiba ya mwili wa ng'ombe.

Sasa ongeza mafuta ya alizeti. Mafuta haya ni ya aina isiyoganda, na kwa bakteria wengi wa tumbo lile ni kama sumu. Hujikinga kwa kuyabadilisha hatua kwa hatua, wakiyaongezea hidrojeni mpaka yawe ya kuganda. Ndiyo maana samli huganda ingawa ng'ombe hakula kitu kilichoganda. Majani yakiwa ya kutosha, kazi hiyo hufuata njia yake ya kawaida. Majani yakipungua, pumba na mashudu yakazidi, tumbo huwa na ukali zaidi, kundi la bakteria hubadilika na njia hupinda. Kwenye njia hiyo iliyopinda hutokea asidi ya mafuta yenye jina la kutisha: trans-10, cis-12 CLA. Kiasi kidogo chake huponyoka, huingia kwenye damu na kufika kwenye kiwele. Huko hulegeza swichi kuu ya upande wa mafuta, protini iitwayo SREBP1. Jeni zinazoitegemea, zile za vimeng'enya vinavyotengeneza mafuta na vinavyoyavuta kutoka kwenye damu, husomwa kidogo kuliko kawaida. Lita hazipungui. Sukari na protini hubaki karibu palepale. Mafuta ndiyo huanguka.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Mkemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault aliandika mwaka 1845 kuhusu ng'ombe waliolishwa viazisukari na kutoa maziwa yenye mafuta machache. Sababu ilisumbua watu kwa zaidi ya miaka 150. Mwaka 2000 kundi la Dale Bauman katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, liliwapa ng'ombe gramu 10 tu kwa siku za asidi hiyo, moja kwa moja kwenye tumbo la nne, kwa siku nne. Gramu 10 ni kama vijiko viwili vya chai. Mafuta ya maziwa yalishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Miaka miwili baadaye wakachukua vipande vidogo vya kiwele na kupima jeni: zile za kutengeneza mafuta zilikuwa zimepunguza kazi kwa zaidi ya theluthi. Vijiko viwili, kwa mnyama wa mamia ya kilo! Mimi ni daktari wa watu, lakini niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza niliiweka karatasi chini nikacheka peke yangu. Na ng'ombe hao hawakuharibika. Swichi iliyozimwa na chakula huwashwa tena chakula kikirudi.

Tulipopima maziwa ya jirani

Nilimwomba yule mama anipeleke, kwa simu tu, kwa jirani yake. Mzee wa watu alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Kuitwa mtia maji mtaani si jambo dogo. Tukakubaliana afisa mifugo wa kata apite na laktomita.

Wengi hudhani laktomita hupima mafuta. Haipimi. Inapima uzito wa maziwa ukilinganisha na maji. Maziwa mazuri husoma kati ya 1.026 na 1.032 hivi, yakitiwa maji, namba hushuka kuelekea 1.000. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea. Kwa hiyo maziwa yaliyopungua mafuta bila kutiwa maji, namba yake haishuki. Hata hupanda kidogo. Ya mzee yalisoma sawasawa. Hayakuwa na maji.

Afisa mifugo aliangalia hori. Majani makavu kiganja kimoja, pumba za mahindi, na mashudu ya alizeti ndoo nzima, mekundumekundu na yenye kung'aa kwa mafuta. Mzee alieleza kwamba alipata viroba kwa bei nafuu mwezi uliopita, na aliona fahari kumlisha ng'ombe wake vizuri. Sikuwahi kuingia kwenye tumbo la ng'ombe yule kupima asidi zake, na siwezi kuapa. Lakini wakati, chakula na laktomita vyote vilielekeza kidole mahali pamoja. Alipunguza mashudu, akapata mabua na majani ya tembo kutoka bonde la mto, akampa ng'ombe majani kwanza na mashudu baadaye kidogo kidogo. Baada ya wiki mbili au tatu utandu ulianza kurudi.

Niongeze kwamba si kila utandu mwembamba ni mashudu. Ng'ombe wa asili hutoa maziwa machache yenye mafuta mengi. Chotara wa Friesian hutoa mengi yenye mafuta machache zaidi. Ukihama kutoka kwa muuzaji mmoja kwenda kwa mwingine utaona tofauti siku hiyohiyo. Ng'ombe aliyezaa karibuni naye hutofautiana na mwenye miezi mingi. Na ndiyo, wapo wanaotia maji. Muulize muuzaji kama maziwa yamepimwa kabla hujamshitaki kwa majirani. Maziwa ya pakiti ya kiwandani hukusanywa kutoka kwa ng'ombe wengi, kwa hiyo mabadiliko ya ng'ombe mmoja humezwa na wengine.

Na mtoto je?

Mama, baba, hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini. Mtoto akinywa maziwa ya ng'ombe ambaye swichi zake za mafuta zimezimwa, jeni za mtoto hazibadiliki. Mchicha una jeni, kibua ana jeni, embe lina jeni. Tunazila kila siku na tumbo linazisaga kama linavyosaga kila kitu. Maziwa hayo si sumu. Yamepungukiwa nguvu tu.

Yamepungukiwa kiasi gani? Tuchukue nusu lita. Yakiwa na mafuta asilimia 4, hiyo ni gramu 20 za mafuta. Yakishuka hadi asilimia 2.5, ni gramu 12 na nusu. Kila gramu ya mafuta ina kalori 9, hivyo mtoto amepoteza kalori kama 68. Unaweza kuzirudisha kwa kijiko kimoja na nusu cha chai cha mafuta ya kula kwenye uji, au kwa kumiminia tui zito, lile la kwanza kabla hujaongeza maji. Pangani hatujapungukiwa na nazi.

Sasa linganisha na alichofanya yule mama kwa nia njema. Alipoacha maziwa kabisa, mtoto alipoteza zaidi ya kalori 300 kwa siku, na mtoto wa kilo 10 anahitaji kama 800 hivi. Alipoteza pia gramu 16 za protini, ambazo kwa umri wake zinatosha mahitaji yote ya siku, na madini ya chokaa kwa ajili ya mifupa. Badala yake akapewa chai ya rangi, ambayo haina chochote kati ya hivyo na zaidi ya hapo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Udumavu huja polepole, kupitia maamuzi madogo kama hili.

Mipaka yake uijue pia. Kabla ya miezi sita, maziwa ya mama pekee. Kabla ya mwaka mmoja, maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji kikuu. Kama mama hayupo au hawezi kunyonyesha, njoo kliniki tushauriane. Baada ya mwaka, usiyatie maji na usimwondolee utandu mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu ubongo wake unaukua kwa mafuta hayo. Nusu lita kwa siku inatosha. Anayekunywa lita nzima hushiba akakataa chakula, kisha damu hupungua. Na yachemshwe mpaka yapande, hata kama ng'ombe ni wa nyumbani na unamwamini. Brusela na kifua kikuu cha ng'ombe havijui undugu.

Wanaonyonyesha wana neno lao hapa. CLA, pamoja na ile ya trans-10, cis-12, huuzwa kwenye vidonge vya kupunguza mwili, na baadhi ya mama huvimeza baada ya kujifungua ili warudi kwenye umbo lao. Mwaka 2002 utafiti mdogo wa Marekani uliona mafuta ya maziwa ya mama yakipungua kwa waliovitumia. Utafiti mwingine wa baadaye haukuona hivyo. Kwa ushahidi unaogongana namna hiyo, na mtoto akiwa anategemea kifua chako, msimamo wangu ni kwamba vidonge hivyo visubiri. Mengine usihangaike nayo: chakula unachokula hubadilisha zaidi aina ya mafuta kwenye maziwa yako kuliko wingi wake. Samaki wetu, dagaa na vibua, huongeza mafuta yanayofaa macho na ubongo wa mtoto.

Na kwa wagonjwa wangu wa presha na moyo ambao wameanza kuniuliza kama wanywe maziwa ya ng'ombe anayelishwa alizeti kwa sababu "mafuta yake ni laini": tofauti ipo, lakini ni ndogo. Angalieni kwanza karai la mafuta yanayokaangiwa mihogo na samaki siku ya tatu mfululizo.

Kinachonipa hofu kwenye kiroba

Kama kuna kitu cha kuogopa kwenye mashudu, ni sumukuvu. Ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na alizeti zilizohifadhiwa na unyevu hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini. Ng'ombe akiila, ini lake huigeuza kuwa aina nyingine, M1, inayotokea kwenye maziwa muda mfupi baadaye. Kuchemsha hakuiondoi. Kuigandisha maziwa hakuiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu ya kwenye mahindi iliwaugua watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 walifariki. Hiyo ni sumu nyingi kwa mara moja. Kidogo kidogo kwa miaka huharibu ini na kuleta saratani, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini B.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya alizeti kutoka kwa wakamuaji wadogo wa Tanzania. Karibu asilimia 60 ya sampuli za mbegu na asilimia 80 za mashudu zilikuwa na aflatoksini, na sehemu ya mashudu hayo ilivuka kiwango cha mikrogramu 20 kwa kilo. Hewa ya Pangani ina chumvi na unyevu. Kiroba kinachokaa sakafuni kwa mwezi hapa si sawa na kinachokaa Singida.

Kampeni zetu dhidi ya sumukuvu zimejikita kwenye mahindi na karanga, na ni sawa, maana ndivyo tunavyokula. Mashudu yamesahauliwa kwa sababu anayeyala ni ng'ombe. Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ipo tangu 2010. Usalama wa chakula chetu, maziwa yakiwemo, uko chini ya TBS tangu 2019. Lakini viroba nilivyovikuta mimi kwenye mabanda havikuwa na tarehe ya kukamuliwa, wala kiasi cha mafuta yaliyobaki, wala jina la mashine. Mzee wa Bweni angejuaje kwamba ndoo aliyokuwa akiimimina ilikuwa na mafuta mara kadhaa ya aliyozoea? Nadhani mahitaji yangu kama daktari ni madogo: tarehe na asilimia ya mafuta vichapwe kwenye kiroba. Na afisa mifugo na muuguzi wa kliniki ya watoto, ambao mara nyingi ofisi zao zimeachana kwa hatua chache, wawe na siku moja kwa mwezi ya kuzungumza. Mimi nilimpata afisa mifugo kwa sababu tulisoma darasa moja na mke wake. Hiyo si njia ya kuendesha afya ya watoto wa wilaya nzima.

Wewe unayefuga, kiroba kikae juu ya mbao, mbali na ukuta. Mashudu yaliyoganda kuwa mabonge, yenye harufu ya uvundo au rangi ya kijani, usimpe ng'ombe, na usimpe kuku pia. Majani yaje kwanza horini. Chicha za nazi kidogo hazina neno, zikiwa za siku hiyo. Zikizidi, mafuta yake huua vijidudu wanaosaga majani tumboni. Ukimchoma ng'ombe sindano ya antibiotiki, maziwa yake yasinywe wala kuuzwa mpaka zipite siku alizoandika mtaalamu.

Yule mama alirudi baada ya wiki tano, mara hii amevuka na kivuko cha mchana, mtoto mgongoni. Tulimpima. Alikuwa ameongeza gramu 450. Nilipomuuliza kama bado anasikiliza zile sauti za kwenye simu alicheka, akaniambia ameitumia ileile kwa mzee jirani, na mzee ameisikiliza mara mbili kisha akamuuliza: "Sasa huyu anayesema, ng'ombe wake ni wa rangi gani?"